Maumivu ya siku ya pili si asidi

Mtu akirudi mazoezini baada ya miezi mingi, kesho yake hata kushuka ngazi ni shughuli. Wenzake humwambia: "Hiyo ni asidi imejaa kwenye misuli, kimbia tena itoke." Imani hii ni ya miaka mingi, lakini si kweli. Asidi ya laktiki huongezeka unapojituma sana, na ndani ya saa moja hivi baada ya kupumzika huwa imeshapungua kabisa. Maumivu yenyewe hufika kilele kati ya saa 24 na 72 baadaye.

Chanzo ni majeraha madogo mno kwenye nyuzi za misuli, hasa misuli inapofanya kazi huku ikirefuka: kuteremka mlima, kuchuchumaa taratibu, kushusha chuma. Na jambo hili halisemwi vya kutosha: zoezi lile lile ukilirudia wiki inayofuata, huuma kidogo sana. Misuli imeshazoea. Ndiyo maana nasisitiza uanze na nusu ya ulichokuwa ukifanya zamani, au pungufu ya hapo.

Matembezi mepesi hupunguza ugumu. Kujikaza hakusafishi chochote. Ila misuli ikivimba na mkojo ukawa kama chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.