Utashi huru: mtu anayaongoza maisha yake kwa kiasi gani?

Utashi huru ni uwezo wa mtu kuamua na kutenda kwa hiari yake, akijua anachokifanya, pale ambapo angeweza pia kutokifanya. Uwezo huo una mipaka. Hakuna aliyechagua wazazi wake, mahali alipozaliwa wala maradhi ya kurithi, na wanaohubiri kwamba kila kitu kiko mikononi mwako wanamtwika maskini lawama isiyo yake.

Mjadala ni wa zamani. Katika karne za mwanzo za Uislamu, kundi la Jabriya lilisema mtu hana hiari, kundi la Kadariya likasema matendo ni yake mwenyewe, na wafuasi wa mwanazuoni Ash'ari wakashika njia ya kati: Mungu huumba tendo, mja hulichuma, yaani hulifanya kuwa lake.

Siku hizi wanaokana hiari hupenda kumtaja mtafiti wa ubongo Benjamin Libet. Mwaka 1983, yeye na wenzake huko San Francisco, Marekani, walichapisha jaribio hili: mtu anatazama nukta ya mwanga inayozunguka kwenye saa, anakunja mkono wakati wowote anapojisikia, kisha anaeleza nukta ilikuwa wapi alipopata ile hamu ya kuukunja. Vipimo vilivyobandikwa kichwani vilionyesha ubongo ukianza kujiandaa kama nusu sekunde kabla ya mkono kusogea, ilhali hamu yenyewe ilihisiwa sehemu ya tano tu ya sekunde kabla. Wengi wakadai ubongo huamua kwanza, mtu akaja kupewa taarifa.

Dai hilo limevuka mipaka ya ushahidi. Libet mwenyewe alishikilia kwamba mtu bado ana nafasi ya kulizuia tendo kabla mkono haujasogea. Mwaka 2012 mtafiti mwingine wa ubongo, Aaron Schurger, na wenzake walionyesha kwamba dalili ile ya ubongo kujiandaa yaweza kutokana na mawimbi ya kawaida ya ubongo yanayopanda na kushuka, kabla uamuzi wowote haujafanyika. Na kwangu kubwa zaidi ni hili: kukunja mkono bila sababu kunafanana nini na maamuzi ya maisha? Mlevi anayetaka kuacha pombe anajua akipita kilabuni na mshahara mfukoni atashindwa. Kwa hiyo pesa zikiingia tu kwenye simu, anatuma ada ya watoto na kodi ya nyumba, kisha anarudi nyumbani kwa njia nyingine. Kiu hakuichagua. Njia ameichagua, na mwaka ukiisha watoto wake wako darasani.

Sheria nayo imejengwa juu ya dhana hii. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 10, haimtii mtu hatiani kwa tendo lililotokea pasipo utashi wake. Mwenye kifafa akimjeruhi jirani katikati ya degedege, mkono uliopiga ni wake, lakini hakuamua kupiga. Akifanya hivyohivyo kwa hasira, akili zake zikiwa timamu, atajibu mashtaka.