Kibanio cha baga hakihitaji nguvu zako

Mtu akishika kibanio cha baga kwa mara ya kwanza, mara nyingi hufanya jambo moja: anakaza mikono na kuulalia mpini kwa uzito wote wa mwili. Pati, yaani kile kipande cha duara cha nyama ya kusaga kinachoingia kwenye baga, inatoka bapa, kingo zimenyooka, inapendeza machoni. Ikishaiva inatafunika kama mpira, na lawama zote zinakiendea kifaa. Kazi yangu ni nyama: kuikata, kuisaga na kufundisha wengine kuipika. Malalamiko haya nayasikia kila mara, kwa hiyo leo nayajibu kwa kirefu.

Kifaa chenyewe si kigumu kukielewa. Kina sahani mbili za duara; ya chini ina ukingo unaozuia nyama isisambae, ya juu ina mpini wa kushikia. Vipo vya plastiki, vya alumini na vya chuma kizito cha kusubu. Vingine vina springi chini inayoinua pati ikishakamilika, vingine vina skrubu ya kuchagulia unene. Mbwembwe hizo hazibadilishi jambo kubwa. Kibanio ni kipimo tu: kila pati iwe na upana uleule, na unene uleule kutoka ukingo hadi ukingo. Hata kifuniko kipana cha mtungi, kikitandikwa plastiki laini ya kufungia chakula, kinaifanya kazi hiyo, ila polepole zaidi.

Unene una maana kubwa kwa sababu ya moto. Pati iliyofinyangwa kwa mikono aghalabu huwa nene katikati na nyembamba pembeni. Ikiwa pembeni ni sentimita 1 na katikati ni 2.5, basi hadi katikati paive, pembeni pameshakauka. Weka nne za namna hiyo kwenye kikaango kimoja na kila moja itaiva kwa wakati wake, mpishi akibaki kubahatisha. Zikilingana, unazigeuza pamoja na kuziepua pamoja.

Lakini kabla ya kibanio kuna nyama, na hapa ndipo baga nyingi zinapoharibikia. Nyama ya ng'ombe ya kusaga inayofaa ina mafuta kama asilimia 20. Ya bega ni nzuri, ukichanganya na kidari ni nzuri zaidi. Nyama nyekundu tupu, ile ambayo watu huichagua wakidhani wanajitendea wema, haina cha kuilainisha ikipata moto. Ukiwa huna njia ya kujua kiwango cha mafuta, hesabu ya jikoni inatosha: gramu 800 za nyama nyekundu kwa gramu 200 za shahamu.

Ukisaga mwenyewe, jambo la kwanza ni ubaridi. Kata vipande vya kama sentimita 3, vitandaze kwenye sinia, uviweke kwenye friza kwa nusu saa hivi, mpaka viwe vigumu kwa nje lakini kisu bado kinapita. Visu vya mashine navyo vipoze. Halafu angalia mdomo wa mashine nyama inapotoka. Ikiwa baridi, inatoka nyuzinyuzi, nyekundu na nyeupe zikionekana kila moja peke yake. Ikiwa imepata joto, inatoka ujiuji wa rangi ya waridi unaonata vidoleni. Hapo shahamu imeyeyuka na kupakaa kila mahali, na ikifika kikaangoni itavuja yote. Ukiona ujiuji huo, simama, rudisha kila kitu kwenye friza, kisha uendelee.

Chumvi usiichanganye ndani. Najua mapishi mengi yanasema vingine. Chumvi huyeyusha protini za msuli, hasa miosini, na protini zikishayeyuka hugeuka gundi. Mtengeneza soseji anaitafuta gundi hiyo kwa makusudi, ndiyo maana soseji ina ule ugumu wake wa kupendeza. Kwenye baga tunataka nyama inayomeguka kwa urahisi, kwa hiyo chumvi na pilipili manga hunyunyizwa juu, wakati pati inakaribia kuingia kikaangoni. Mayai, chenga za mkate na vitunguu vya kukatakata navyo naviacha. Ukivitia utapata kababu, chakula kitamu sana, lakini si hiki ninachokiandikia.

Sasa mizani. Chukua upana wa mkate wako kwanza, maana pati hunywea ikiiva. Kwa mkate wa sentimita 10, pati mbichi iwe na sentimita 11 au hata 12. Gramu 150 za nyama kwenye kibanio cha sentimita 11 zinakupa unene wa kama sentimita 1.5, kwenye cha sentimita 12 unashuka hadi 1.3 hivi, kwenye cha sentimita 10 unafika 1.8. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kikaangoni ni dakika nzima au zaidi. Kwa hiyo pima kila donge. Kukisia kwa macho kunaua faida yote ya kuwa na kibanio, kwa sababu ukitia nyama pungufu haifiki pembeni, na ukizidisha unaanza kuisukuma kwa nguvu ili ienee.

Donge lenyewe lizungushwe viganjani mara mbili tatu tu, basi. Tandika kipande cha karatasi ya kuokea kwenye sahani ya chini, weka donge katikati kabisa, funika kwa karatasi nyingine. Bila karatasi, nyama yenye unyevu inajibandika kwenye sahani, na ukivuta inachanika. Shusha sahani ya juu kwa kiganja kimoja, taratibu, bila kujiinamisha. Utahisi nyama ikisogea, kisha utahisi imegusa ukingo na kuanza kukataa. Hapo ndipo pa kusimamia. Anayeendelea baada ya hapo haongezi umbo, anafukuza hewa iliyo kati ya chembe za nyama, na hewa hiyo ndiyo inayofanya baga iwe laini.

Fungua uitazame. Pati nzuri ina nyufa ndogondogo pembezoni na chembe zake unaweza kuzitofautisha kwa jicho. Ikiwa uso unang'aa na umekuwa laini kama uliopigwa plasta, umebana kupita kiasi. Ivunje kwa vidole, ilegeze, urudie mara moja. Karatasi ya juu usiivute kwenda juu. Ikunje nyuma, iteleze sambamba na nyama, nayo itaachia yenyewe.

Vibanio vingi huacha mistari ya duara juu ya pati. Kwa maoni yangu mistari hiyo ni urembo, na kwenye kikaango bapa ina hasara: sehemu zilizobonyea hazigusi chuma, kwa hiyo hazipati rangi. Geuza upande ulio laini uanze chini. Kinachofaa kubonyezwa ni katikati. Nyama ikipata joto la kama nyuzi 60 na kuendelea, kolajeni, ile protini inayoshikanisha misuli, huanza kujikunja, pembeni hujibana kama mkanda na katikati hututumka juu. Bonyeza kwa mgongo wa kijiko shimo pana la sentimita 4 hivi, kina kisizidi nusu sentimita. Pati ikiiva, shimo linajaa na uso unabaki sawa.

Kikaango kiwe cha moto kweli kabla nyama haijaingia. Ile rangi ya kahawia na harufu yake hutokana na mmenyuko wa Maillard, uliopewa jina la mkemia Mfaransa Louis Camille Maillard, aliyeueleza mwaka 1912. Unaanza kushika kasi uso wa nyama ukifika karibu nyuzi 140. Nao uso ulio na maji hauwezi kupita nyuzi 100 mpaka maji hayo yaishe, kwa hiyo kausha pati kwa karatasi ya jikoni, na usizisonge nyingi pamoja, maana zitatoa mvuke na kuchemka badala ya kukaangika. Kwa unene wa sentimita 1.5, dakika 3 hadi 4 kila upande kwa kawaida zinatosha. Dalili ya kugeuza ni matone ya mchuzi mwekundu yanayochomoza juu.

Na usiikandamize kwa mwiko! Mlio ule wa mafuta yanapomwagika unawafurahisha watu, lakini unaosikia ni utamu wa baga ukiungua chini. Kuna mtindo mmoja unaoruhusu kukandamiza, ule wa pati nyembamba zenye kingo zinazokauka na kulia mdomoni, nao una masharti yake. Donge liwe baridi, dogo, gramu 60 hadi 90, liwekwe kwenye chuma chenye moto mkali na kubanwa mara moja, ndani ya sekunde 30 za mwanzo. Wakati huo shahamu bado ni ngumu, haiwezi kukamulika. Nyama inatandaa na uso wote unakutana na chuma. Dakika moja baadaye shahamu imeshayeyuka, na kitendo kilekile kinaikamua yote nje. Kazi hiyo inahitaji bamba zito la chuma cha kusubu. Kibanio cha plastiki kisikaribie moto kamwe.

Kuhusu kuiva, hapa sina mzaha. Kipande kizima cha steki hubeba vijidudu vyake kwa nje, na moto wa kikaango unavimaliza hata kama ndani pamebaki pekundu. Ukiisaga nyama hiyo, nje imeingia ndani. Mwaka 1993 nchini Marekani, baga ambazo hazikuiva vizuri zilieneza bakteria E. coli O157:H7, watu zaidi ya 700 waliugua na watoto wanne walifariki. Mwaka uliofuata, serikali ya nchi hiyo ilipiga marufuku bakteria hiyo katika nyama mbichi ya ng'ombe ya kusaga. Kipimo kinachotumika huko kwa nyama ya ng'ombe ya kusaga ni nyuzi 71 katikati ya pati, na kwa kuku nyuzi 74. Rangi isikudanganye, nyama inaweza kuwa kahawia kabla haijafika hapo. Chomeka kipimajoto kwa ubavuni, ncha ifike katikati. Ukichomeka kutoka juu kwenye pati nyembamba, utakuwa unapima kikaango.

Kuku wa kusaga hufuata utaratibu huohuo, ila ananata zaidi, kwa hiyo karatasi ni lazima. Pati za maharage au dengu ni habari nyingine: hazina msuli wa kukakamaa, zinataka kushikana, na kwa hizo unaweza kubana kwa nguvu zaidi kisha kuzipumzisha kwenye friji nusu saa kabla ya kuzikaanga.

Faida ya kibanio inaonekana sana pale unapoandaa nyingi kwa mpigo. Zikiwa sawa zinapangika, karatasi kati ya moja na nyingine. Zigandishe kwanza zikiwa zimelala kwenye sinia, kisha zitie kwenye mfuko na utoe hewa. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri zinabaki na ladha yake kwa miezi 3 hadi 4. Kwenye friji ya kawaida, nyuzi 4 au chini yake, nyama ya kusaga mbichi isipitishe siku mbili.

Kuosha ni kwa mkono, maji ya moto na sabuni. Alumini ikiingia kwenye mashine ya kuoshea vyombo hufifia na kuwa ya kijivu inayochafua vidole. Chuma cha kusubu kikaushe juu ya moto na ukipake mafuta kidogo. Chenye springi kifungue chote kila mara, kwa sababu chini ya ile sahani inayoinuka ndipo mabaki ya nyama hujificha. Ukikuta dukani kimoja ambacho hakifunguki hapo, kirudishe kwenye rafu.