Weupe wa Picha ya Rada Si Kipimo cha Barafu: Ufafanuzi kwa Umma

Katika miezi ya karibuni, dawati letu la taswira za setilaiti limepokea maswali na malalamiko mengi kuhusu picha mbili za rada za Greenland zinazosambazwa kwenye simu. Ya kwanza ni ya majira ya baridi, nayo ina ukanda mweupe mno uliozunguka sehemu kubwa ya ngao ya barafu, yaani tabaka kubwa la barafu linalokifunika kisiwa hicho. Ya pili ni ya mwezi wa Julai, na ukanda uleule umegeuka mweusi. Wapo wanaoishika picha ya kwanza kuwa ushahidi kwamba barafu inaongezeka na kwamba umma umekuwa ukidanganywa. Wapo pia wanaoishika ya pili kuwa ushahidi kwamba barafu yote imekwisha ndani ya miezi michache. Walimu, viongozi wa vikundi vya usimamizi wa fukwe na waandishi wa habari wametuuliza ni upande upi unaosema kweli. Pande zote mbili zimekosea, na zimekosea kwa sababu moja: zimeisoma picha ya rada kana kwamba ni picha ya kamera.

Rada haingoji mwanga wa jua. Hutuma mawimbi yake yenyewe ya redio na kusikiliza mwangwi unaorudi, na ndiyo maana hufanya kazi katika usiku wa ncha za dunia unaodumu kwa miezi, tena kupitia mawingu mazito. Kwa hiyo pikseli (nukta ya picha) nyeupe maana yake ni mwangwi mkali, na pikseli nyeusi ni mwangwi hafifu. Rangi hiyo haimwambii mtazamaji unene wa barafu hata kidogo.

Setilaiti za Sentinel-1 za Umoja wa Ulaya, ambazo ndizo chanzo cha picha nyingi tunazoletewa, huruka kwenye kimo cha takriban kilomita 693 na kutumia mawimbi yenye urefu wa sentimita 5.6 hivi. Theluji kavu ya katikati ya Greenland haina mengi ya kuyazuia mawimbi ya namna hiyo. Huzama ndani yake mita kadhaa na zaidi, na kinachorudi ni kidogo, hivyo sehemu hiyo, ambako barafu ina unene wa kilomita tatu na ushei, huonekana imefifia. Ukishuka kuelekea pembezoni, hali hubadilika. Huko jua la kiangazi huyeyusha theluji ya juu, maji huchuruzika chini, kisha huganda tena ndani ya theluji na kuacha mabonge, matabaka na vijiti vya barafu ngumu. Baridi ikirudi na kila kitu kukauka, vipande hivyo hurudisha mwangwi mkali kuliko karibu kila aina ya nchi kavu duniani. Huo ndio ukanda mweupe unaosambazwa kama habari njema. Ukweli ni kwamba unaonyesha mahali ambapo theluji iliyeyuka katika kiangazi kilichopita au vya nyuma yake.

Na weusi wa Julai? Theluji iliyolowa, hata kwa kiasi kidogo cha maji, hufyonza mawimbi kabla hayajafika kwenye vile vipande vya barafu vilivyo chini. Barafu ipo palepale, ila imevaa theluji yenye unyevu. Nisisitize jambo hili kwa sababu wasomaji wetu wamezoea ramani za mafuriko ya Mto Tana zinazotengenezwa kwa rada, ambamo nyeusi ni maji yaliyotuama. Kwenye mafuriko weusi hutokea kwa sababu uso wa maji ni laini kama kioo, hivyo wimbi huteleza na kwenda zake bila kurudi. Kwenye theluji iliyolowa wimbi hufyonzwa. Rangi ni ile ile lakini sababu ni mbili tofauti, na anayechukua ufunguo wa ramani ya Tana kuusomea Greenland atakosea kila mara.

Wataalamu wenyewe walilazimika kuwa waangalifu mwaka 2012. Mnamo tarehe 12 Julai mwaka huo, vipimo vya setilaiti kadhaa, ikiwemo rada ya Oceansat-2 ya India, vilionyesha dalili za kuyeyuka kwenye takriban asilimia 97 ya uso wa ngao ya barafu ya Greenland. Siku nne tu kabla ya hapo ilikuwa kama asilimia 40. Maji yale yakaganda tena na kuacha tabaka gumu hata kwenye maeneo ya ndani ambayo kwa kawaida hayayeyuki. Setilaiti ya CryoSat-2, ambayo hupima kimo cha barafu kwa rada, ikaanza kupokea mwangwi kutoka kwenye tabaka hilo jipya la juu badala ya theluji ya chini zaidi. Matokeo yake, bila masahihisho, takwimu zilionyesha uso wa sehemu hizo umeinuka kwa zaidi ya nusu mita, ilhali hapakuwa na barafu ya kiasi hicho iliyoongezeka. Hitilafu hiyo iligunduliwa, ikaelezwa na kuchapishwa na watafiti wenyewe. Ningependa wanaotuandikia kwa hasira kwamba vipimo hivi havikaguliwi wauzingatie mfano huo.

Basi tunajuaje kwamba barafu inapungua? Si kwa kutazama rangi. Njia ya kwanza ni kulinganisha picha za tarehe tofauti na kupima umbali ambao alama za juu ya barafu zimesogea, kwa kuwa barafu hutiririka kuelekea baharini kama mto mzito. Njia ya pili ni kulinganisha hatua ambayo wimbi limefikia linaporudi katika mapito mawili, jambo linalotuwezesha kuona mabadiliko ya sentimita chache. Kazi hii imechukua miaka mingi. Mwaka 1997, kati ya Septemba na Oktoba, setilaiti ya Kanada iitwayo RADARSAT-1 iligeuzwa ikiwa angani ili antena yake, iliyokuwa ikitazama upande wa kulia, itazame kushoto, kuelekea kusini. Kwa kugeuzwa huko ikapatikana ramani ya kwanza kamili ya rada ya Antaktiki, kila pikseli ikiwakilisha mita 25. Mwaka 2011, mtafiti wa barafu Eric Rignot na wenzake walichapisha ramani ya mtiririko wa barafu ya bara hilo lote, iliyounganishwa kutoka setilaiti za Kanada, Ulaya na Japani.

Kwa watu wa pwani, kipimo kilicho rahisi zaidi kukielewa ni kile kinachotumia maji kujaa na kupwa. Mto wa barafu unapofika baharini huacha kuegemea mwamba na kuanza kuelea, na sehemu inayoelea hupanda na kushuka pamoja na maji kama ngalawa iliyofungwa gatini, wakati sehemu iliyokaa juu ya mwamba haitikisiki. Rada huona mpaka huo. Katika mto wa barafu wa Pine Island, huko Antaktiki Magharibi, mpaka huo ulirudi nyuma kilomita 31 katikati yake kati ya 1992 na 2011. Hakuna picha nyeupe wala nyeusi ingeweza kulionyesha jambo hilo.

Vipimo vya mtiririko vikijumlishwa na vya kimo na vya uzito, hesabu iliyokubalika ni kwamba Greenland ilipoteza takriban tani bilioni 3,900 za barafu kati ya 1992 na 2018, na kuinua bahari ya dunia kwa karibu milimita 11. Kupanda huko hakulingani kila mahali. Ngao ya barafu ni nzito kiasi cha kuyavuta maji ya bahari kuelekea kwake. Ikipungua, mvuto hupungua, maji ya jirani yake hushuka na ya mbali hupanda zaidi ya wastani. Mombasa, Tanga na Unguja ziko mbali.

Sasa utaratibu. Mwananchi anayetaka tumfafanulie picha atuletee jina kamili la faili la asili. Picha iliyokatwa kwenye skrini ya simu hatutaipokea, hata ikiwa wazi kiasi gani. Kwa Sentinel-1, jina huanza na S1A, S1B, S1C au S1D, yaani setilaiti husika. Hufuata herufi za namna ya upigaji, kwa mfano IW au EW. Kisha aina ya zao, GRD au SLC. Kisha alama za uelekeo wa mtetemo wa mawimbi. Kisha tarehe na saa ya kuanza na ya kumaliza. Kisha namba ya mzunguko. Sehemu yoyote ikikosekana, ombi hurudishwa bila kushughulikiwa. Data hizi hutolewa bure, lakini masharti yake yanamtaka anayezichapisha kutaja kuwa ni data za Copernicus Sentinel (Copernicus ni mpango wa Umoja wa Ulaya wa kuiangalia dunia) pamoja na mwaka wake, na kama amezibadilisha, aseme amezibadilisha. Ramani isiyo na maelezo hayo haitapokelewa katika ofisi yetu kwa ajili ya ripoti yoyote. Picha za setilaiti za kibiashara ni jambo zito zaidi: huuzwa kwa leseni, na anayezisambaza bila idhini ya mwenye haki anaweza kudaiwa fidia kwa kukiuka hakimiliki, hata kama alitumiwa tu na rafiki.

Anayeleta picha mbili ili zilinganishwe ahakikishe zimepigwa kutoka njia ileile. Sentinel-1 hurudia njia zake 175 kila baada ya siku 12. Kwa S1A, namba ya njia hupatikana kwa kutoa 73 kwenye namba ya mzunguko, kugawanya kwa 175, kuchukua baki na kuongeza 1. Namba zikitofautiana, rada iliitazama barafu kutoka pembe tofauti, na pembe pekee inatosha kubadilisha mwangaza. Picha mbili zinazosambazwa sasa zimetufikia zikiwa zimefutwa majina, na mpaka aliyezitengeneza atakapotuletea faili zake, hatuwezi kueleza ni kiasi gani cha tofauti yake kimetokana na kuyeyuka kwa theluji na ni kiasi gani kimetokana na pembe.