Sevisi ya gari la haibridi: vifaa vinavyopumzika ndivyo vya kuangaliwa kwanza

Wamiliki wengi wa magari ya haibridi hufika gereji wakiwa na mojawapo ya fikra mbili: ama gari lao halihitaji sevisi kubwa kwa kuwa linatumia umeme, ama ni mtambo wa ajabu usioguswa na fundi wa kawaida hata kwenye filta ya hewa. Fikra zote mbili zinapotosha. Chini ya boneti mna injini ya petroli inayohitaji oili, plagi na filta kama injini nyingine yoyote, na pamoja nayo kuna mota za umeme, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uweze kuendesha mota) na betri kubwa, ambavyo kwa sehemu kubwa havina cha kulainishwa wala cha kukazwa. Tofauti ya kweli ni kwamba mfumo huu hupunguzia kazi baadhi ya vifaa, na kifaa kinachopumzika kwa muda mrefu huchakaa kwa namna ambayo kipimo cha kilomita hakiwezi kuionesha.

Tuanze na injini. Kwa kuwa huzimika na kuwaka yenyewe safari nzima, huzunguka kwa saa chache zaidi katika kila kilomita 10,000 kuliko injini ya gari la kawaida, na wapo wanaoichukua hoja hiyo kama ruhusa ya kuchelewesha oili. Sikubaliani nao. Injini inayowaka kwa dakika chache kisha ikazimika kabla ya kupata joto lake kamili hukusanya unyevu na petroli isiyoungua ndani ya oili, na uchafu huo huondoka tu pale injini inapokaa na joto kwa muda wa kutosha. Ratiba ya Toyota katika soko la Marekani, kwa magari yake yanayotumia oili ya 0W-20, ni maili 10,000, yaani kilomita 16,000 hivi, au miezi 12, lolote litakalotangulia. Lakini ratiba hiyo hiyo hukata muda kwa nusu kwa gari linalofanya kazi katika mazingira magumu kama barabara za vumbi. Kwa gari linaloshinda kwenye foleni na safari fupi, mimi huhesabu miezi kabla ya kilomita. Oili nyepesi ya aina hiyo nayo haikuchaguliwa ovyo: injini inayowashwa tena na tena inahitaji oili inayofika juu upesi, na anayeweka oili nzito kwa nia njema hupunguza faida ya mafuta ambayo ndiyo iliyomfanya mwenye gari alinunue. (Kabla ya kupima oili, hakikisha taa ya READY, inayoonesha kwamba gari liko tayari kwenda, imezimika na ufunguo uko mbali na gari, kwa sababu injini inaweza kuwaka yenyewe huku mikono yako iko ndani.)

Breki ndizo zinazonipa kazi kubwa zaidi ya kuwaelimisha wateja. Dereva anapopunguza mwendo, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha nishati kwenye betri, kwa hiyo pedi hubana diski kwa nguvu pale tu gari linapokaribia kusimama au breki inapokanyagwa ghafla. Pedi kufikisha zaidi ya kilomita 100,000 si jambo la kushangaza, na hapo ndipo mtego ulipo, kwani fundi huchungulia unene wa pedi kupitia matundu ya rimu, akaridhika na kuandika kwamba breki ni nzima. Wakati huo pini za kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) zimekauka grisi na kushika kutu, pedi zimeganda kwenye vishikio vyake, na nikifungua mara nyingi hukuta pedi ya ndani imekwisha ilhali ya nje ni nene. Ninashauri magurudumu yote manne yafunguliwe angalau mara moja kwa mwaka, pini zisafishwe na kupakwa grisi inayohimili joto la breki, hata kama hakuna pedi ya kubadilishwa.

Mafuta ya breki nayo hayajali kama umekanyaga breki au hukukanyaga: hufyonza unyevu kwa kadiri miaka inavyopita. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanywa unyevu kiwango kinachokubalika hushuka hadi 140, kwa hiyo kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili au mitatu ni busara. Kazi hiyo isifanywe kwa mazoea ya gari la kawaida. Katika magari mengi ya haibridi breki huendeshwa na pampu ya umeme inayohitaji mashine ya kompyuta ili mfumo utolewe hewa ipasavyo, na katika baadhi yake kufungua tu mlango wa dereva huiamsha pampu hiyo, jambo ambalo si zuri kwa vidole vilivyo kati ya kalipa na diski.

Betri ndogo ya volti 12 husahaulika kabisa, pengine kwa sababu katika magari mengi ya aina hii haizungushi injini, kazi ambayo hufanywa na betri kubwa. Yenyewe huamsha kompyuta na kuunganisha betri kubwa na mfumo. Ikidhoofika haitoi ile sauti ya starta inayosuasua ambayo madereva wanaijua. Badala yake dashibodi hujaa taa za onyo zisizo na uhusiano, na mwenye gari huambiwa kwamba betri kubwa imekufa. Ipimwe katika kila sevisi.

Betri kubwa yenyewe haibadilishwi kwa ratiba, lakini upoaji wake una ratiba. Katika Toyota Prius ya kizazi cha pili, kwa mfano, kuna moduli 28 (vipande vinavyounda betri) za volti 7.2 zilizounganishwa kwa mfuatano na kutoa volti 201.6, na kwa mpangilio huo moduli moja ikichoka hupunguza uwezo wa betri nzima. Feni huvuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo kando ya kiti cha nyuma ili kuzipoza. Mzigo ukiegemezwa hapo, au manyoya ya mbwa na vumbi vikijaa kwenye feni, joto hupanda na uhai wa moduli hufupika bila taa yoyote kuwaka kwa muda mrefu. Magari mengine yana filta kwenye tundu hilo, ambayo ni rahisi kuitoa na kuisafisha. Mengine hayana, na feni hulazimika kufunguliwa. Ukiniuliza ni kazi ipi katika sevisi nzima yenye faida kubwa kuliko jasho lake, nitakutajia hii.

Inveta hupozwa kwa kulanti, mara nyingi katika mzunguko wake wenye tangi dogo na pampu ya umeme. Hakikisha fundi anaangalia tangi hilo pia, na gari likiwa katika READY kulanti ionekane ikitembea. Itumike ile tu iliyotajwa na mtengenezaji, isichanganywe na maji ya bomba. Plagi za iridiamu, tairi na upepo wake havina jipya la kuelezwa hapa.

Yapo pia mambo yasiyomo kwenye kijitabu. Prius za kizazi cha tatu zinajulikana kwa kuziba masizi kwenye kipozeo cha EGR, yaani njia inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, na mafundi wengi huhusisha hali hiyo na kuungua kwa gasketi ya silinda hedi. Kwa gari lenye kilomita nyingi, mimi hukisafisha kabla injini haijaanza kutikisika inapowaka asubuhi.

Mwisho ni kiyoyozi. Kompresa ya umeme hufanya kazi kwa volti za juu na hutumia oili isiyopitisha umeme. Oili ya PAG inayotumika katika magari ya kawaida, hata ikiwa ni masalio yaliyobaki kwenye mipira ya mashine ya kujazia gesi, inaweza kuharibu kinga hiyo na kulifanya gari ligome kuwaka kwa sababu ya umeme unaovuja kwenye bodi. Muulize fundi anatumia oili gani kabla hajaunganisha mipira yake, na kama ni lazima aguse nyaya za rangi ya machungwa, ambazo ndizo za volti za juu, muulize ziko wapi glavu zake za kuzuia umeme, na kama baada ya kuchomoa plagi ya usalama inayokata umeme wa betri kubwa ataisubiri inveta imalize chaji yake, kwa dakika 10 hivi, kisha aipime kwa mita kabla ya kuigusa.