Kugeuza orodha kinyumenyume katika Python

Chukua vituo vitano vya mabasi ya mwendokasi Dar es Salaam: Kimara, Ubungo, Magomeni, Fire, Kivukoni. Basi la kwenda mjini linavipita kwa mpangilio huo; la kurudi linaanzia Kivukoni. Kwenye programu ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, huna haja ya kuandika orodha ya pili. Unaigeuza ileile, cha mwisho kinakuwa cha kwanza.

Kazi yenyewe ni kubadilishana nafasi. Kimara na Kivukoni vinapishana, kisha Ubungo na Fire. Magomeni, kilicho katikati, hakiguswi. Vituo 5, mabadilishano 2. Vitu 1,000, mabadilishano 500.

Tuseme orodha hiyo ya vituo umeipa jina "kwenda". Wengi wanakwama hapa:

kurudi = kwenda
kurudi.reverse()

Unadhani sasa una orodha mbili, kumbe ni moja yenye majina mawili. Amri ya reverse inageuza orodha hapohapo ilipo, kwa hiyo hata "kwenda" sasa inaanzia Kivukoni, na abiria wa Kimara anaonyeshwa safari isiyo yake. Ukiandika kurudi = kwenda.reverse() ni balaa jingine: "kurudi" inabeba None, yaani hakuna kitu, kwa sababu amri hiyo hairudishi orodha. Programu haitalalamika papo hapo. Itaanguka mbele, utakapojaribu kuvipitia vituo, nawe utahangaika kutafuta kosa mahali ambapo halipo.

Ukitaka zote mbili zibaki, andika kurudi = kwenda[::-1]. Hiyo inatengeneza nakala iliyogeuzwa, ya asili haiguswi. Mimi ndiyo ninayowaanzishia wanafunzi. Na kama unataka kusoma tu toka mwisho, reversed(kwenda) inakupa kituo kimoja kimoja bila kunakili chochote, jambo la maana sana orodha ikiwa kubwa. Ila ukishaipitia hadi mwisho imekwisha. Ukiihitaji tena, iite upya.

Kugeuza pia si kupanga toka kubwa kwenda ndogo. Namba 4, 9, 2 zikigeuzwa zinakuwa 2, 9, 4. Zikipangwa toka kubwa zinakuwa 9, 4, 2. Kugeuza hakuangalii ukubwa wa kitu, kunaangalia nafasi yake tu. Ndiyo maana seti, aina nyingine ya mkusanyo wa vitu, haigeuziki: vitu vyake havina wa kwanza wala wa mwisho, na ukiipa reversed, Python inakataa palepale.