Flashi kuwaka si kutii

Haipiti wiki bila mtu kuniletea flashi ya studio akisema haisikii triga, kile kifaa cha juu ya kamera kinachoifyatua kwa redio. Naiweka mezani, nabonyeza, paa! "Inawaka, fundi, ila nikishusha nguvu kwenye triga haishuki."

Basi haijaharibika. Kudhani kwamba triga inayofyatua flashi lazima iweze pia kuipunguza nguvu kumenichosha kuliko dhana nyingine yoyote. Hebu tazama risiva (kipokea ishara ya triga) uliyoichomeka: inatoa waya mmoja mwembamba unaoingia kwenye flashi. Ndani mna nyaya mbili tu. Zikigusana, flashi inafyatuka, kazi imekwisha. Amri ya "shuka hadi 1/8 ya nguvu" itapita wapi hapo? Amri ya nguvu hupita kwenye redio iliyojengwa ndani ya flashi yenyewe, au kwenye risiva maalumu inayoingia tundu lake la data. Wala usiniambie zote ni 2.4 GHz. Triga ya kampuni moja na flashi ya kampuni nyingine zinaweza kutumia masafa hayohayo na zisielewane hata neno. Kwa hiyo soma kwanza jina la mfumo wa redio kwenye flashi, ndipo ununue triga. Kama flashi yako haina redio, panda kiti uzungushe kitufe kwa mkono. Picha haitajua.

"Nimeshusha hadi 1/16, picha ya kwanza bado imeungua kwa mwanga." Kapasita, inayohifadhi umeme wa flashi, ilikuwa bado imebeba chaji ya mwanzo. Flashi nyingi za siku hizi humwaga ziada zenyewe. Za zamani zinataka ubonyeze kitufe cha kujaribia mara moja baada ya kushusha. Mimi hubonyeza hata zisizohitaji, mazoea.

Kutoka 1/2 hadi 1/4 si "kidogo tu", ni stopu nzima, yaani mwanga umepungua nusu. Toka 1/1 hadi 1/128 ni stopu 7.

Kuongeza kasi ya shata (pazia la kamera) hakupunguzi flashi, kunapunguza mwanga wa chumba. Ukivuka kasi ya sinki, yaani kasi ya juu kabisa ya shata inayokwenda sambamba na flashi, ambayo kwa kamera nyingi ni kama 1/200 au 1/250, utapata utepe mweusi kwenye picha, na hapo triga itasingiziwa tena.

Halafu kuna chaneli, njia ya redio ambayo triga na flashi huwa pamoja, na kundi, herufi kama A au B inayotaja flashi zipi zinaongozwa pamoja. Chaneli ikikosewa, flashi haiwaki kabisa. Kundi likikosewa, inawaka vizuri tu kwa nguvu yake ileile, huku wewe unazungusha kitufe cha A na flashi iko B. Flashi ya mwisho kuletwa kwangu ilikuwa na ugonjwa huo. Nilibonyeza kitufe kimoja, nikamrudishia mwenyewe kabla hajakaa.