Stalagmiti si kipimamvua

Nikieleza kazi yangu ya kusoma mvua za kale kwenye stalagmiti, mawe yanayoota mapangoni, swali la kwanza huwa ni lilelile: basi miaka 9,000 iliyopita mvua ilinyesha milimita ngapi? Sijui, na jiwe nalo halijui. Linachojua ni safari ya wingu, nami naona hilo lina utamu zaidi kuliko milimita.

Tuanze na tone. Mvua ikipenya udongoni hukutana na hewa ya ukaa inayotokana na mizizi na vijidudu, ikawa tindikali hafifu inayokula mwamba wa chokaa njiani. Tone likichomoza kwenye dari la pango, ile hewa ya ukaa hutoka kama kwenye soda iliyofunguliwa, na chokaa iliyoyeyuka hukosa namna ya kubaki majini. Inaganda. Inayoning'inia juu ni stalaktiti. Inayoota kutoka sakafuni ni stalagmiti. Sisi tunaipenda hii ya pili, kwa kuwa tabaka zake hulaliana kwa utaratibu. Mwaka mzima mara nyingi huiongezea unene wa unywele, au pungufu.

Ndani ya kila tabaka imo oksijeni iliyotoka kwenye mvua ile. Katika kila atomi 500 hivi za oksijeni, moja ni nzito: ina uzito wa 18 badala ya 16. Wingu likiondoka baharini na kuanza kunyesha, maji yenye oksijeni nzito ndiyo hutangulia kudondoka. Kadiri linavyokamuliwa njiani ndivyo yanayobaki yanavyozidi kuwa mepesi. Pango la bara likipokea maji mepesi kupita kawaida, huwa tunasoma kwamba pepo zilivuma kwa nguvu na mvua nyingi ilishamwagika kabla ya kufika pale.

Pepo zenyewe wasomaji wa Kiswahili wanazifahamu. Kusi ikivuka ikweta na kupinda kuelekea India ndiyo monsuni ya kiangazi, yaani ya majira ya joto ya kaskazini, na neno "monsuni", kama "msimu" wetu, chimbuko lake ni mawsim ya Kiarabu.

Sasa ubishi. Mchoro wa oksijeni ya mapango ya China huchapishwa mara kwa mara kana kwamba ni rekodi ya ndoo iliyowekwa mlangoni pa pango. Sivyo. Mstari ule umebeba mvua iliyomwagika njiani kote, bahari ambako mvuke ulitoka, na uwiano wa mvua za kiangazi na za majira mengine. Kwenye pango la Qunf, kusini mwa Oman, mambo ni rahisi kidogo: lipo pembezoni mwa mvua hizi, karibu na bahari, na wingi wa mvua unasomeka kwa uwazi zaidi. Linaonyesha mvua zikipungua polepole tangu miaka 8,000 hivi iliyopita.

Umri tunaupata kwa uraniamu. Uraniamu huyeyuka majini, thoriamu haiyeyuki. Kwa hiyo tabaka jipya huzaliwa na uraniamu pasipo thoriamu, kisha uraniamu hugeuka kuwa thoriamu humo kwa kasi inayojulikana. Saa hiyo hutufikisha zaidi ya miaka 600,000 nyuma. Adui yake ni tope. Niliwahi kukata stalagmiti nyeupe, nzuri ya kutamanisha, na majibu ya maabara yakasema kilele chake ni kizee kuliko shina. Udongo ulikuwa umeingiza thoriamu ya kwake. Miezi minne ikapotea, na tangu hapo jiwe linalong'aa halinibabaishi.

Hata hivyo saa hii ikikubali, inafanya maajabu. Mwaka 2001 zilichapishwa rekodi za stalagmiti tano za pango la Hulu, karibu na Nanjing, China. Mitikisiko yake ya zama za barafu ililandana na ile ya barafu ya Greenland, upande mwingine wa dunia: Greenland ikipoa ghafla, monsuni ya Asia inadhoofika. Kufikia 2016 mnyororo wa mapango ya China ulikuwa umefika miaka 640,000, na ndani yake jua la kiangazi la kaskazini linaonekana likiongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka 23,000 hivi, monsuni ikilifuata.

Mwaka 2018 stalagmiti ya pango la Mawmluh, jimbo la Meghalaya nchini India, ilipewa heshima ya kuwa alama rasmi ya mwanzo wa zama za kijiolojia tulizomo, miaka 4,200 hivi iliyopita. Ubishi kuhusu badiliko la hali ya hewa la wakati ule lilikuwa la ghafla kiasi gani haujaisha. Ndiyo maana mimi hutaka angalau mawe mawili yakubaliane kabla ya kuchora mstari.

Tena hutafuta shahidi wa pili ndani ya jiwe lilelile: magnesi. Ukame ukizidi, maji hukawia mwambani na kuacha chokaa njiani, huku magnesi ikibaki ndani yake. Basi tabaka la wakati huo huwa na magnesi nyingi. Huyu ni shahidi wa pale pale juu ya pango. Siku oksijeni inaponiambia pepo zilikuwa kali na magnesi inaniambia palikuwa pakavu, simwiti yeyote mwongo. Wingu huweza kusafiri kwa nguvu zake zote na likafika limekwisha kukamuliwa.